Chungu cha Halim: Safari ya Ngano, Dengu na Nyama



Jioni hii nataka kuwaelezeni habari za chungu kimoja. Najua kwamba wengine wenu, mliposikia kuwa mwalimu wa historia atazungumza, mlijiweka tayari kusikia habari za wafalme na vita. Leo hamna vita katika mazungumzo yetu. Mna ngano, dengu na nyama, vitu vitatu vilivyopikwa pamoja usiku kucha hata vikawa kitu kimoja. Waislamu wa Bara Hindi hukiita chakula hicho halim. Nimekichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba safari yake ni ndefu kuliko safari za watu wengi mashuhuri. Ya pili ni kwamba mzee mmoja wa kwetu Nyarero, katika milima ya Tarime, alikikoroga chungu hicho miaka mingi katika nyumba ya watu, asialikwe hata siku moja kukaa na kula pamoja nao. Mzee huyo alikuwa babu yangu, mzaa mama.

Tena kuna jambo jingine lililonisukuma. Katika chuo cha ualimu ninakofundisha, niliwapa wanachuo kazi hii: taja chakula kimoja kilicholetwa na wageni, kisha ueleze njia kiliyopitia. Kijana mmoja akasimama, akasema kwa adabu lakini kwa uchungu, "Mwalimu, kwa nini tusome vyakula vya watu waliotufanya watumishi wao?" Darasa lote likanyamaza. Sikumjibu siku ile, kwa kuwa lile lilikuwa swali la haki, na swali la haki halistahili jibu la haraka. Haya nisemayo leo ndiyo jibu langu.

Kwanza natuone chakula chenyewe. Mpishi huloweka ngano iliyokobolewa tangu jioni, na dengu zake kando, pengine pamoja na choroko na adesi. Nyama ya mbuzi au ya ng'ombe huchemshwa pamoja na mifupa yake, na kutiwa tangawizi, kitunguu saumu, manjano, mdalasini, iliki na karafuu. Nafaka na nyama zikisha kulainika huchanganywa, na hapo ndipo kazi hasa huanza. Moto huwa mdogo, na mwiko haupumziki. Mpishi huponda, hukoroga, huongeza maji, huponda tena, muda wa saa sita, saba au nane, mpaka nyama itoke katika mifupa, iachane nyuzi kwa nyuzi, ipotee ndani ya nafaka. Mwisho humimina samli juu yake, na vitunguu vilivyokaangwa vikawa vyekundu, na majani ya kotimiri, na maji ya ndimu. Katika Kiarabu neno halim maana yake ni mpole, mvumilivu, nasi twalijua kwa jina la kike la Halima. Aliyekwisha kukipika chakula hiki haulizi kwa nini jina hilo lakifaa.

Basi kilianzia wapi? Asili yake ni chakula cha Waarabu kiitwacho harisa, yaani ngano na nyama iliyopondwa, kwa kuwa neno lenyewe latokana na kitendo cha kuponda. Katika karne ya 10 mtu mmoja wa Baghdad, Ibn Sayyar al-Warraq, aliandika kitabu kikubwa cha mapishi, na harisa imo ndani yake. Kwa hiyo twaweza kusema kwa hakika kwamba zaidi ya miaka elfu moja iliyopita watu walikuwa wakikesha kando ya chungu cha ngano na nyama, kama wakeshavyo hata leo.

Baadaye Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja ambaye jina lake lajulikana na kila mwanafunzi wetu, alipita katika nchi ya Uajemi mnamo 1327. Katika mji wa Kazarun, karibu na Shiraz, alikaribishwa katika nyumba ya wasafiri iliyojengwa kwa heshima ya mcha Mungu mmoja aitwaye Abu Ishaq. Ameandika kwamba desturi ya nyumba ile ilikuwa kumlisha harisa kila msafiri aliyefika, awaye yote, harisa ya nyama, ngano na samli, iliyoliwa kwa mkate mwembamba. Wala hawakumwachilia mgeni aende zake mpaka amekaa nao siku tatu. Tafadhalini yashikeni maneno hayo: kila msafiri, awaye yote. Nitayarudia mbele. Miaka minne baadaye, katika 1331, msafiri yeye yule alishuka katika pwani yetu, akaona Mogadishu, Mombasa na Kilwa.

Harisa ilipofika Bara Hindi pamoja na askari, wafanya biashara na wanachuoni wa Kiislamu, ilikutana na watu ambao maisha yao yalikuwa katika dengu na jamii zake zote. Hapo ndipo ilipogeuka. Ushahidi tunao. Mwishoni mwa karne ya 16, katika ufalme wa Akbar, waziri wake Abul Fazl aliandika kitabu kiitwacho Ain-i-Akbari, akaeleza humo mambo yote ya ufalme, hata ya jikoni. Ametaja harisa: seri kumi za nyama, seri tano za ngano iliyopondwa, seri mbili za samli, na chumvi, na mdalasini kidogo. Hamna dengu. Kisha ametaja na halim: nyama, ngano, samli, viungo, na dengu, tena na karoti na mchicha wa kwao. Vyakula hivi viwili vimeandikwa jirani katika kitabu kimoja, kama ndugu wawili, na tofauti iliyo wazi baina yao ni kwamba mmoja ameingia shambani mwa Mhindi na kuchuma alichokikuta. Mgeni alileta ngano na nyama. Mwenyeji akatia dengu na mboga zake. Wala tusidhani kwamba alitia kwa ajili ya ladha tu. Wataalamu wa vyakula wa siku zetu wamethibitisha kwamba nafaka na kunde zikiliwa pamoja, kila moja huutimiza upungufu wa mwenzake katika kuujenga mwili. Akina mama wa Bara Hindi waliyajua hayo kwa uzoefu, kama bibi zetu walivyojua kuchanganya mahindi na maharage.

Safari haikwisha. Katika mji wa Hyderabad, kusini ya Bara Hindi, mtawala aliyeitwa Nizam aliwaajiri askari Waarabu wa Hadhramaut, na mtaa wao uitwao Barkas upo mpaka leo. Waarabu hao walikuja na harisa ya kwao, na halim ya Hyderabad ikazidi kusifiwa, hata ikawa chakula cha fahari. Na mwaka 2010 serikali ya India iliipa ulinzi wa jina, kwamba asiitumie jina hilo mtu asiyeipika kwa kanuni zake. Harisa nayo haikusahauliwa: mwaka 2023 shirika la UNESCO liliiandika miongoni mwa urithi wa wanadamu, kwa ombi la Oman, Saudia na nchi za Falme za Kiarabu.

Pengine msikilizaji wa Lamu au wa Unguja anasema moyoni mwake, "Mwalimu huyu wa bara anazungumza habari za bokoboko bila kulitaja." Hakika, ndugu yangu, wala sikulisahau. Bokoboko la pwani, la ngano na nyama na samli, lipikwalo siku za harusi na za sikukuu, ni harisa ile ile, iliyokuja kwa majahazi pamoja na Waarabu wa Oman na Hadhramaut. Basi pwani yetu ilikuwa na ndugu mmoja wa halim tangu zamani, yule asiye na dengu. Yule mwenye dengu alikuja pamoja na Wahindi.

Wahindi wamefanya biashara na pwani hii tangu kale, lakini walizidi sana baada ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Hapa napenda kuondoa kosa moja. Watu husema "chakula cha Kihindi" kana kwamba Wahindi wote hula sahani moja. Sivyo. Wahindu wengi waliokuja Unguja, kama Mabhatia, hawakuonja nyama kabisa, na dengu kwao ilikuwa ndiyo nyama. Chungu tukisemacho kilikuwa cha Waislamu: Makhoja, Mabohora, Mamemoni na Wapunjabi. Wengi wao walipika pia ndugu wa tatu, aitwaye khichdo, wa ngano, dengu na nyama, na katika mwezi wa Muharram vyungu vikubwa hupikwa na chakula kikagawiwa watu.

Halafu ikaja reli. Katika 1896 Waingereza walianza kuijenga kutoka Mombasa, na mnamo Desemba 1901 ikafika ukingo wa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, yaani Kisumu. Wafanya kazi wapata 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Wapata 2,500 walikufa katika kazi hiyo, na wengi wakarudi kwao. Wapata 6,700 walibaki katika nchi hizi. Mgawo wao wa chakula ulikuwa mchele, unga wa ngano, dengu na samli, na kwa njia hiyo dengu zilipanda bara ndani ya magunia, kituo kwa kituo. Nyuma ya reli walifuata wenye maduka. Aliyejulikana kuliko wote alikuwa Allidina Visram, Khoja wa Kutch, aliyeanza biashara pwani akali kijana, akaeneza maduka yake katika njia za misafara na kando ya reli mpaka Uganda. Alifariki katika 1916. Meli za Winifred na Sybil zikachukua bidhaa kati ya bandari za ziwa, na muda si muda duka la Mhindi likawa jambo la kawaida katika miji ya pande zetu, Musoma, Shirati na Tarime. Kwa ngozi na samli zetu tulipata nguo, chumvi, mafuta ya taa na majembe.

Sasa narudi kwa babu yangu.

Katika 1954 aliondoka Nyarero akiwa kijana, akashuka milima, akavuka Mto Mara, akafika Musoma kutafuta fedha ya kodi. Aliajiriwa katika nyumba ya mwenye duka mmoja, ambaye sitamtaja. Kwanza aliteka maji na kupasua kuni. Kisha mama wa nyumba ile, alipoona kwamba hasinzii, alimwingiza jikoni. Alimfundisha bila kipimo cha mizani. Kipimo kilikuwa kiganja. Alimfundisha kuitambua harufu ya dengu zinazotaka kushika chini ya sufuria, na kuujua mlio wa chungu ambacho maji yake yamekwisha. Mwaka wa tatu, kazi ya kukesha na halim ilikuwa yake peke yake. Wenye nyumba walilala, naye aliponda.

Lakini jina lake katika nyumba ile lilikuwa "boi", na aliitwa hivyo mpaka alipoota mvi. Chungu kilipokwisha kuiva, sahani zilipelekwa kwa jirani na kwa jamaa, na maskini waliopita mlangoni walipewa. Yeye alipewa sehemu yake katika kopo, kwa mlango wa nyuma, akala amesimama. Hawakumpiga, wala hawakumnyima mshahara wake, na alipougua walimpa dawa. Nayasema haya ili nisiwadhulumu. Lakini chakula ambacho huko Kazarun kilitandikwa mbele ya kila msafiri, awaye yote, huku kilimfikia aliyekipika kwa mlango wa nyuma. Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili: mwiko wa kupikia, na mwiko wa kukataza. Babu yangu aliijua miiko yote miwili katika nyumba moja.

Nyakati ziligeuka. Uhuru ulikuja Desemba 1961. Katika 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, mabenki na makampuni makubwa ya biashara yakawa mali ya umma; katika 1971 sheria ikatwaa majumba makubwa ya kupangisha; na Agosti 1972 Idi Amin akawaamuru Wahindi watoke Uganda katika siku 90. Jamaa ya nyumba ile walikuwa na ndugu zao Kampala. Waliogopa, wakauza walichoweza kukiuza, wakaenda Uingereza. Katika 1976 maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili yafunguliwe ya ushirika, na maduka mengi ya zamani hayakufunguka tena. Siku ya kuondoka yule mama, aliyekwisha kuwa mzee, alimwita babu yangu, akampa sufuria kubwa na mwiko wake. Hawakusemezana mengi. Babu akapanda lori, akarudi Nyarero na sufuria kichwani.

Kwetu hapakuwa na ngano dukani, wala dengu. Babu alitwaa mtama uliokobolewa, akatia kunde, akatia nyama ya ng'ombe pamoja na mifupa yake, vitunguu na tangawizi, akakesha. Asubuhi alipopakua, bibi yangu alichungulia ndani ya sahani, akauliza, "Nyama imekwenda wapi?" Wazee waliokuwapo walicheka. Yawapasa mjue kwamba sisi Wakurya ni wafugaji, na nyama kwetu si chakula tu. Hugawanywa kwa heshima: sehemu hii ni ya mzee, sehemu ile ni ya mgeni, ile nyingine ya kijana aliyechinja, na macho ya watu wote huangalia nani amepewa nini. Mzee mmoja akamwambia babu, "Umechinja, kisha ukaipoteza nyama." Babu akajibu, "Haikupotea. Imegawanyika sawasawa."

Wasikilizaji wangu, jibu hilo nimelifikiri miaka mingi. Katika chungu cha halim hamna mnofu wa mkubwa wala mfupa wa mdogo. Aliye wa kwanza na aliye wa mwisho hupata kitu kile kile, kwa sababu mwiko umekwisha kuondoa tofauti usiku. Waliokipika Kazarun walijua. Waliogawa vyungu vya Muharram walijua. Babu yangu naye aliyajua, ingawa mahali alipojifunzia hawakumtendea hivyo. Kuanzia hapo alikipika kila mwaka wakati wa kulima, jirani walipokusanyika kusaidiana, na sharti lake lilikuwa moja tu: hapana mtu atakayekula amesimama. Hata mchungaji mdogo aliyepita na ng'ombe za watu aliitwa, akapewa kigoda.

Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza kama alimchukia yule mama wa Musoma. Alikaa kimya, akachokoa moto, kisha akasema, "Alinifundisha kupika. Hakunifundisha kuketisha watu. Hilo nilijifunza mwenyewe."

Basi hili ndilo jibu langu kwa mwanachuo wangu. Umeuliza kwa nini tusome chakula cha watu waliotufanya watumishi. Nakujibu kwamba chakula hicho si chao peke yao. Harisa ilikuwa ya Waarabu, Waajemi wakaipika, Wahindi wakatia dengu, Mkurya mmoja akatoa ngano akatia mtama. Kila aliyeshika mwiko aliongeza kitu, na kila aliyeongeza kitu ana haki ya kutajwa. Tukikataa kukisoma kwa sababu ya kopo la mlango wa nyuma, tutakuwa tumelifuta kopo lenyewe, na pamoja nalo mtu aliyelishika. Abul Fazl aliandika seri za nyama na seri za ngano, lakini hakuyaandika majina ya wapishi waliokesha. Vitabu vya hesabu vya wenye maduka viliandika magunia ya dengu. Havikuandika ni nani aliyezipika. Historia ya jikoni haina nyumba ya kuwekea hati, ila vichwa vya wazee, na vichwa hivyo vinazidi kupungua kila mwaka.

Kwa hiyo naomba neno moja kwenu, hasa ninyi walimu na wanafunzi. Katika kijiji chenu huenda yupo mzee aliyekuwa mpishi, wa Mhindi, wa Mzungu, wa Mwarabu, wa misheni au wa jeshi. Mwendeeni. Msimwulize tu alipika nini. Mwulizeni ni nani aliyemfundisha, alikosa kitu gani akaweka kitu gani badala yake, naye alikula wapi chakula alichokipika. Andikeni jina lake lote kama alivyoitwa kwao, wala si kama alivyoitwa jikoni.

Babu yangu amekwisha kufariki. Sufuria ipo kwa mjomba wangu huko Nyarero, imetoboka chini, imezibwa mara mbili. Mwaka jana ilipikiwa tena. Nilikaa zamu ya saa nane usiku, nikaponda mpaka mkono ukafa ganzi, na kulipokucha nikaketi pamoja na wenzangu.

Kwaherini, nawatakieni usiku mwema.